Nywele za Bi Mwatumu

Mkono wangu ulikuwa unakufa kwenye kichwa kimoja tu. Cha Bi Mwatumu.

Mimi ni msusi hapa Muheza. Nasuka vichwa vinne kwa siku, freshi kabisa. Lakini akija huyu mama wa Kigombe anayeuza samaki sokoni kwetu, mistari mitatu tu, ganzi inaanzia kidole kidogo mpaka begani. Kitana kinadondoka.

Mara ya kwanza nikasema ni uchovu. Mara ya nne shoga yangu Precious akanimaliza: zile nywele zina kitu.

Na mdomo wangu hauna breki. Ndani ya wiki meza ya Bi Mwatumu ilikosa wateja. Alipokuja kusuka nikamwambia, bila hata shikamoo, kwamba simsuki tena. Akavuta mtandio, akaondoka.

Nikajua nimepona. Wapi! Siku moja naanika nguo, mkono ukafa kwenye kamba. Hapo nikaogopa kweli. Bila mkono huu wanangu wanakula nini?

Nikaenda hospitali, Tanga mjini. Daktari Timotheo akanibonyeza juu ya mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo, nikaruka. Akanishika kifundo cha mkono, akauinua, akaniambia nigeuze shingo. Akasema mapigo yangu yamepotea vidoleni mwake. Kisha akaniambia niinue mikono kama mwizi aliyekamatwa, nifumbe na kufumbua viganja kwa dakika tatu.

Dakika moja haikuisha. Mkono wa kulia ukashuka wenyewe, kiganja kimepauka.

"Kazini ganzi inakushika lini?"

"Nikimsuka mama mmoja tu, dokta."

"Huyo anakaa wapi ukimsuka?"

Wateja wangu wengine wote wanakaa mkekani, mimi nakaa juu kwenye kigoda. Bi Mwatumu ana magoti mabovu, anakaa kwenye kiti. Ni mrefu, mimi mfupi. Namsuka nimesimama, mikono juu.

Eksirei ikaonyesha ubavu wa ziada shingoni, nimezaliwa nao. Nikiinua mikono, unabana mishipa.

Nikaenda Kigombe siku hiyohiyo, nikapiga magoti.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kukuomba radhi. Na kukusuka."

"Marahaba." Akavua mtandio. Kichwa kilikuwa kipara. "Nilinyoa, mwanangu. Mjukuu wangu alishikwa na homa, nikasema labda kweli ni mimi."

Nililia pale pale.

Ndugu zangu, ukiumwa kapimwe kwanza, ndiyo uanze kutaja watu. Ubavu wangu una tiba, na nywele zake zitaota. Lakini neno nililolitoa bado linazunguka sokoni, na sijui nitalirudishaje.