Mama Mlango

Wanaoingia kiwandani siku hizi humjua kwa jina la Mama Mlango, na wengi hudhani amepewa jina hilo kwa ukali wake tu. Ni fundi mkuu wa kiwanda cha vyombo vya plastiki, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukwaruza. Makosa mengi huyavumilia, lakini akimkuta mtu anaendesha mashine mlango ukiwa wazi, huizima papo hapo bila kusikiliza neno. Wamemnung'unikia, wamemtania, wamemshtaki kwa meneja. Ametia pamba masikioni.

Alianza chini kabisa. Baba yao alipofariki, mama yao alibaki na mabinti wawili na cherehani ya kuazima, na huyu mkubwa ndiyo kwanza alikuwa amemaliza shule. Akaenda kubisha geti la kiwanda. Wakampa kisu kifupi na ndoo iliyopinduliwa ya kukalia, wakamweka pamoja na wanawake wa kunyoa ndevu. Ndevu waliziita zile kingo za plastiki zinazobaki zikining'inia pembeni mwa beseni linapotoka kwenye mashine. Walizikwangua kutwa nzima, vidole vikaota sugu. Wenzake walipiga soga. Yeye alikuwa akitazama mashine.

Punje za plastiki zilimiminwa juu, zikayeyuka ndani ya bomba la moto, zikasukumwa kwa nguvu kwenye kalibu, lile pande zito la chuma la sehemu mbili zinazokutana kama taya. Taya zikiachana, uji wa moto umekwisha kuwa beseni. Aliliona jambo hilo mara elfu na hakulichoka.

Fundi mkuu wa wakati ule, mzee asiyesikia sikio moja, ndiye aliyemgundua.

"Wewe binti, mbona unaikodolea mashine macho kama imekuibia?"

"Inaota ndevu upande mmoja tu, mzee. Nadhani kalibu haijakaa sawa upande ule."

Mzee akaenda, akapima, akarudi akijikuna kidevu. "Weka kisu chini. Njoo unishikie spana."

Basi akashika spana. Alijifunza kuning'iniza kalibu kwenye mnyororo na kuishusha mahali pake bila kuigonga, kupunguza moto plastiki inapoanza kuungua, kusikia mlio wa pampu na kujua kwamba mafuta yamepungua. Wanaume hawakupenda. Mmoja alimuuliza mbele za watu kama kwao hakuna sufuria za kuosha.

"Zipo," akamjibu. "Ukifukuzwa hapa njoo, nitakuwekea nafasi."

Walicheka mpaka wakashika mbavu, na tangu hapo wakampa nafasi yake. Posa zilikuja mbili, na zote zilimtaka aache kazi kwanza. Akaachana na posa. Kwa kazi hiyo mdogo wake alimaliza shule, mama yao akapata cherehani yake mwenyewe, na yeye akapanda ngazi moja moja, kutoka msaidizi hadi fundi, kutoka fundi hadi msimamizi wa zamu.

Mdogo wake aliolewa na mwanamume mmoja mchangamfu ambaye watu walimwita Redio kwa sababu hakuna aliyejua pa kumzimia. Alikuwa mtu mwema, ila kazi zilikuwa hazimkai. Mtoto wao wa kwanza, binti, alipoanza kutembea, mdogo mtu akaja kwa dada yake.

"Dada, mtafutie shemeji yako nafasi hapo kwenu. Hata ya kufagia."

Akamtafutia, tena iliyo nzuri kuliko ya kufagia. Redio akapewa mashine ya mabeseni. Zamu nzima ilimpenda. "Shemeji," alikuwa akimwambia, "hii mashine yako inakula bila kushiba na ikikosa inapiga kelele. Nyumbani ninayo nyingine kama hii, sijui mmezinunua duka moja?" Naye shemeji yake alijifanya amekasirika, akageuka ili acheke pembeni.

Kisha ikaja oda kubwa ya mabeseni, na meneja akaanza kushinda kwenye ukumbi wa mashine, mikono mgongoni.

"Huu mlango unakula muda wetu," alisema.

Kila mashine ilikuwa na mlango wa kuteleza mbele ya kalibu. Ukiufungua, swichi ndogo hukata nguvu, na taya haziwezi kusogea mpaka ufungwe tena. Lakini swichi ile ukiifunga kwa waya ikabaki imebanwa, mashine huamini kwamba mlango umefungwa saa zote. Mtu anaweza kuuacha wazi, akachomoa beseni upesi, na kazi ikaenda mbio.

"Zifunge," meneja akasema.

"Na mtu akisahau mkono ndani?"

"Ni watu wazima. Waambie wasisahau."

Yeye alijua anapaswa kukataa, na alijua pia kuna wanaume wanne wanaosubiri kiti chake cha usimamizi. Akachukua koleo na waya, akazifunga swichi moja baada ya nyingine kwa mikono yake, kisha akawaita watu wa zamu akawaambia wawe macho. Redio akauliza kama na mdomo nao uwe macho. Wakacheka.

Ajali ilitokea mchana, baada ya chakula, wakati joto la ukumbi lilikuwa limewalegeza watu. Beseni lilinasa kwenye kalibu. Redio alikuwa katikati ya kisa fulani, amegeuza uso kumtazama jirani yake, akapeleka mkono kulichomoa. Taya zikafunga.

Hakupiga kelele. Kisa kilikatika, ndivyo jirani yake alivyotambua. Dada mtu alisikia mashine ikiguna vibaya, akakimbia, akabonyeza kitufe chekundu, akazirudisha taya taratibu kwa mkono, kwa sababu ukizivuta kwa pupa zinaweza kubana tena. Alifanya kila kitu sawasawa. Taya zilipoachana, Redio alimwangukia begani, na kwenye chuma kikabaki kitu ambacho hakikuwa na umbo la mkono. Hospitali walikata juu ya kifundo. Ulikuwa mkono wa kulia.

Gari lilipoondoka naye, meneja alimtazama msimamizi wake, kisha akautazama mlango wa mashine. Mwanamke akachukua koleo lilelile, akakata nyaya zote, akazitia mfukoni.

Siku chache baadaye meneja alimwita ofisini, akamkaribisha kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mkaguzi wa kazi anakuja. Atauliza kuhusu swichi."

"Nitamwambia ilivyokuwa."

"Mwambie. Atakuuliza nani aliifunga." Akaegemea kiti chake. "Mimi sijawahi kushika waya. Karatasi yenye amri yangu hakuna. Sasa fikiria mwenyewe. Wewe ukitoka hapa, hao wa nyumbani kwenu watakula wapi? Na mzee anastaafu, nilikuwa nakufikiria wewe."

Alifikiria. Alijiambia kwamba mkono hautarudi, aseme asiseme. Alijiambia kwamba akibaki kazini atawalisha wote, mama, mdogo wake, shemeji na mtoto, na akifukuzwa wote watalala njaa. Hesabu hiyo ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyomponza. Mkaguzi alipokuja akamwambia kwamba mlango ulikuwa mzima, swichi nzima, na kwamba mfanyakazi aliupitisha mkono kwa juu kwa uzembe wake. Mkaguzi akaandika, akashukuru, akaenda zake. Kosa likawa la Redio, na mwenye kosa hakulipwa fidia.

Alikwenda kwa mdogo wake na mfuko wa unga na mafuta ya kupikia. Redio alikuwa amekaa kitandani, bandeji imefika kiwikoni.

"Karibu, shemeji," alisema. "Samahani, sikupi mkono."

Shemeji yake hakujua kama acheke au alie. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, hajaupokea mfuko.

"Dada, nakuuliza kitu kimoja. Ule waya uliufunga wewe?"

"Niliamriwa."

"Sijakuuliza uliamriwa na nani."

"Niliufunga mimi."

"Na kwa mkaguzi ukasema haukuwepo."

"Nilifanya vile ili nibaki kazini, niwasaidie. Ningefukuzwa..."

"Chukua mfuko wako," mdogo wake alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwonea huruma. "Mtoto asije akauona akaufurahia."

Mzee alistaafu, na yeye akawa fundi mkuu, mwanamke wa kwanza kukalia kiti kile. Siku ya kwanza alizikagua swichi zote, akatangaza kwamba atakayeigusa hata moja ataondoka siku hiyohiyo. Meneja alikuja juu. Akamjibu kwamba kama hapendi, atafute fundi mwingine, na kwamba yeye na meneja wanajua mengi wote wawili. Meneja akaufyata. Wafanyakazi walilalamika kwamba kasi imepungua na marupurupu nayo yamepungua. Ndipo jina la Mama Mlango lilipozaliwa, na halikuwa la heshima.

Miaka ikapita hivyo. Msaada wake aliupitisha kwa mama yao, naye mama aliupeleka kwa bintiye mdogo akidai umetoka kwenye cherehani. Mdogo mtu alijua, akanyamaza kwa ajili ya mama. Redio aliuza vocha na peremende kibandani, akiwachekesha wateja kwa mkono uliobaki. Mama alipougua, mabinti wawili walimuuguza kwa zamu, mmoja akiingia mwingine ametoka. Alipofariki walikaa chumba kimoja kupokea rambirambi, na mtu asiyewajua angedhani ni wageni waliokutana msibani.

Binti wa Redio alikuwa sasa mtu mzima. Siku moja alifika getini, akamwamkia mama yake mkubwa kwa adabu, akaomba kazi.

"Nafasi hakuna," Mama Mlango akasema. Tangazo la nafasi lilikuwa limebandikwa nyuma ya kichwa chake. Binti alilisoma, akasema ahsante, akaondoka. Mama yake mkubwa alikwenda stoo akakaa juu ya magunia ya punje.

Haikupita muda akasikia kwamba binti yule kapata kazi kwingine, kwenye karakana iliyofunguliwa nyuma ya gereji. Alikwenda kuiona, akijifanya anatafuta vifuniko vya jumla. Ndani mlikuwa na mashine mbili kuukuu zilizonunuliwa zikiwa zimetupwa, moshi wa plastiki umetanda, dirisha moja. Milango ya mashine haikuwepo kabisa, wala alama ya mahali ilipokuwa. Binti alikuwa akichomoa vifuniko, mkono unaingia, unatoka, unaingia, huku akizungumza na mwenzake. Alizungumza kama baba yake, kwa kugeuza uso.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake. Alimkuta anaanua nguo.

"Najua hutaki kuniona," alisema. "Mtoe mtoto pale. Mlete kwangu. Kwangu milango inafungwa."

Mdogo wake aliendelea kukunja shuka. "Alikuja kwako ukamfukuza."

"Niliogopa."

"Wewe huogopa kila mara, na kila mara anayeumia ni mwingine." Akaliweka shuka kapuni. "Nenda kwanza kwa mkaguzi ukaseme ule waya ulikuwepo. Hapo ndipo tutazungumza habari za mwanangu."

Alikwenda. Aliaga mashine zake asubuhi kama mtu asiyetarajia kuziona tena, akavaa gauni lake la msibani, lililokuwa ndilo zuri kuliko mengine. Mkaguzi wa zamani alikuwa ameshahama. Ofisa kijana alimsikiliza mpaka mwisho, akatafuta kwenye kompyuta, akatafuta kabatini.

"Mama, suala hili lilishafungwa. Muda wa kudai umepita zamani."

"Lakini nilidanganya."

"Nimekusikia. Haliwezi kufunguliwa tena."

"Na mimi mnanifanya nini?"

Ofisa alimtazama kwa mshangao. "Hakuna, mama. Nenda nyumbani."

Kiwandani meneja alikuwa ameshapata habari. Mama Mlango alitegemea kufukuzwa, pengine alitamani. Meneja, ambaye sasa alikuwa mnene na anatembea kwa shida, alicheka tu. "Ulikwenda kutafuta nini kule? Rudi kazini, mashine ya ndoo inavuja."

Jioni alimweleza mdogo wake yote, bila kupunguza. Walikuwa barazani, Redio amekaa kando anamenya chungwa, kalibana kwa magoti.

"Kwa hiyo umesema ukweli na hauna faida," mdogo wake alisema.

"Hauna."

Redio alimeza kipande cha chungwa. "Shemeji, ungewahi kidogo tungekula nyama," alisema. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Mdogo mtu aliwatazama wapita njia. "Mtoto atakuja," alisema hatimaye. "Usije ukadhani nimekusamehe. Ni kwa sababu huko aliko ni pabaya zaidi."

"Nimeelewa, mdogo wangu."

"Na akiumia hata ukucha, sina dada."

Binti alianza kazi wiki iliyofuata. Mama yake mkubwa hakumpa kisu cha kunyoa ndevu. Alimpeleka kwenye mashine, akamfundisha kuufungua mlango, kuchomoa, kuufunga, akihakikisha taya zimelala tuli kila mlango ulipokuwa wazi. Alimrudisha mwanzo mara nyingi, kwa ukali, mpaka wenzake wakamwonea huruma.

"Mama mkubwa, nimeshaelewa," binti alisema mwishowe, machozi yakimlengalenga.

"Rudia," akamwambia.