Fundi anayeuliza mafaili yako wapi kabla ya kujibu

Saa mbili asubuhi, fundi wa kompyuta anapangusa vumbi mezani kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu. Duka lake ni chumba kimoja chenye dirisha la nondo. Kompyuta saba za wateja zimeegemea ukuta, kila moja imebandikwa karatasi inayotaja ugonjwa wake.

Kwenye simu kuna swali. Seremala mmoja, mwanachama wa kundi la mtandaoni la watu wanaosaidiana mambo ya kompyuta, anasema mashine yake imekuwa nzito. Anataka kuweka mfumo upya na kuigawa diski vizuri, sehemu ya C iwe ya mfumo na D iwe ya mafaili. Aanzie wapi?

Majibu matano yameshaingia. "Futa C tu, D usiiguse, dakika ishirini umemaliza," ameandika mmoja.

Fundi anaandika: "Kaka, usifute chochote kwanza. Michoro yako ya kazi umeihifadhi wapi? Nitumie picha ya skrini unayoiona ukiwasha."

Kundini wanamwita Mpelelezi. "Ukimuuliza saa ngapi, atataka kujua ni saa ya ukutani au ya mkononi," anatania mwanachama mmoja.

Ana miaka arobaini na mitatu. Kwa miaka sita amejibu maswali zaidi ya elfu tatu, na hajalipwa hata senti moja. Akitaniwa hutabasamu kidogo tu.

"Mtu anajibu kuhusu kompyuta iliyo kichwani mwake," anasema. "Ile iliyo mbele ya mwenye shida hajaiona."

Anajua anachosema. Miaka sita iliyopita, kaka yake mkubwa alimpigia simu akiwa na shida kama ya seremala. Dukani kulikuwa na wateja wanne wanasubiri.

"Nilimwambia, kaka, futa C, mafaili yako yako D. Sikumuuliza kitu. Akasema, haya, mdogo wangu, wewe ndiye unajua."

Kaka yake alikuwa ameweka mafaili yake usoni mwa kompyuta, pale mtu anapoyaona mara tu akiwasha. Watu wengi hufanya hivyo, na fundi alilijua hilo vizuri. Kila kinachokaa pale kimo ndani ya C.

Kati ya mafaili yaliyofutwa kulikuwa na rekodi za saa kumi na moja za sauti ya baba yao. Katika wiki zake za mwisho, mzee alikaa kitandani akamsimulia mwanawe habari za ukoo, nani alizaliwa na nani, nani aligombana na nani. Kaka alirekodi yote. Nakala nyingine haikuwepo.

Fundi aliichukua diski ile akahangaika nayo mwezi mzima. Mfumo mpya ulikuwa umeandikwa juu ya rekodi. Alipata dakika kumi na tisa, na sehemu kubwa ni mzee akikohoa na kuomba maji.

"Kaka hakunigombeza," anasema. "Afadhali angenigombeza."

Simu inalia. Picha ya seremala imefika: skrini imejaa michoro ya vitanda, makabati na milango, mamia kwa mamia, yote usoni. Fundi anavuta kiti. Anamwelekeza hatua moja moja: anunue diski ya nje, anakili, kisha afungue michoro kumi kutoka kwenye nakala ahakikishe inafunguka. Habari za kugawa diski watazungumza kesho.

"Dada, mimi nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta," anajibu seremala.

Sasa fundi anaandaa kijitabu cha kurasa ishirini kwa ajili ya kundi. Kurasa tatu za mwanzo ni maswali matupu ya kumuuliza mwenye shida.

Kaka yake anakaa mitaa miwili kutoka dukani. Jumapili wanakula pamoja na kuzungumza mengi, ila si kompyuta. Mwezi uliopita binti wa kaka alipita dukani. "Shangazi, mashine ya baba imejaa," alisema. "Amesema atampelekea fundi wa mjini."

Fundi anajua atakachofanya siku kaka yake akimpigia.

"Simjibu kwa simu," anasema. "Nafunga duka, naenda kwake, nakaa naye tufungue faili moja moja, aniambie kila moja ni la nini. Hata tukimaliza wiki. Anipigie tu."