Mvua ya Kopo ya Mwalimu Verdiana

Saa nne asubuhi, nje ya darasa la sita la shule moja ya msingi karibu na Kabungu, mvua inanyesha juu ya meza. Inatoka kwenye kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari. Mwenye mvua ni Mwalimu Verdiana Anselmo, miaka thelathini na mmoja, kitenge kimemlowa hadi magotini.

"Polepole, Imakulata! Hiyo si mvua, hiyo gharika!" anamwambia mwanafunzi aliyeshika kopo, na darasa zima linaangua kicheko.

Mezani kuna mzinga mkuukuu wa nyuki, wa gome la mti, uliopasuliwa kwa urefu. Kila nusu imejazwa udongo na kuinuliwa upande mmoja. Katika nusu ya kwanza vijituta vinashuka na mteremko. Katika ya pili vinaukinga. Chini ya kila nusu kuna chupa ya soda. Ya kwanza inajaa maji mazito kama uji wa ulezi. Ya pili inapokea maji unayoweza kunawia uso.

Mzinga alipewa na kaka yake, mrina asali wa Inyonga, na harufu ya asali haikutoka. "Siku ya kwanza nyuki walikuja kusoma," anasema Mwalimu. "Sisi tukakimbia."

Cheka, msomaji, lakini jambo lenyewe ni la tumbo. Shamba la shule, ekari tatu, ndilo linalowapa watoto 140 uji wa mchana. Mwaka juzi lilitoa magunia kumi na mawili ya mahindi. Mwaka jana, 1976, matatu! Kufika Septemba sufuria lilikuwa limefunikwa, na watoto wakasinzia madarasani kwa njaa.

Kisa? Shamba liko mteremkoni, upande wa juu wa barabara. Kila msimu kijiji kililima matuta ya kushuka, ili wageni wanaopita na Landrova wayaone yalivyonyooka. Yalipendeza kweli. Na kila mvua ilipopiga, udongo nao ulishuka kuwasalimia wageni.

Novemba, Mwalimu aliwaita wazee waone mzinga wake. Mzee Gaspar, mwenyekiti wa kijiji, akatikisa kichwa. "Mwanangu, mvua ya kopo si mvua ya Mungu."

"Basi shika kopo wewe, mzee."

Akamwaga. Akazitazama zile chupa mbili kwa muda mrefu, kisha akakubali matuta yageuzwe, ila kwa shingo upande. "Udongo ukiondoka safari hii, mzinga wako nautia moto. Na hao watoto utawalisha wewe."

Tangu siku hiyo, Mwalimu anakiri, kila wingu lilimpa homa.

Januari, mchana, mvua kubwa ikaja. Ilipiga saa tatu mfululizo. "Ilivyopiga bati, sikusikia hata sauti yangu. Nikasema, leo nimeumbuka."

Ilipokatika tu, alitoka mbio peku, chupa mkononi, hadi kwenye mfereji ulio chini ya shamba. Akateka maji, akainua chupa juani. Aliona vidole vyake upande wa pili.

"Nililia, ndugu mwandishi. Nilikaa palepale kwenye matope nikalia, wanafunzi wananitazama. Nyie, mzigo ule ulikuwa mzito!"

Leo mahindi yamefika kiunoni, kijani cha kushiba. Mwalimu ana mpango mwingine. Bibi yake, Mfipa, alikuwa akifukia majani ndani ya tuta kabla ya kupanda. "Nataka watoto waone kwa macho yao bibi alijua nini. Lakini mzinga wa pili sina."

Kabla hajamaliza, Mzee Gaspar anatokea na mzinga begani, mpya, wa kutundikwa msimu huu.

"Huu wangu haujaingia nyuki hata mmoja. Upasue."

"Mzee, mzinga mzima?"

"Upasue, nimesema." Anautua mezani, anafuta jasho, kisha anamnyooshea Imakulata mkono. "Ila kopo nashika mimi."