Gurudumu la Aliyetangulia

Ijumaa moja ya Januari 2014, Wesley Rono alisimama kanisani Mesaimeer, jijini Doha, akasema uongo mbele ya Mungu na Wakenya wenzake.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Mwaka mzima mmeniombea. Leo nimepona, nimerudi barabarani."

Makofi yakapigwa, na mama mmoja akapiga vigelegele. Laban, mlinzi wa jengo la ofisi aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja katika mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, aliinamisha kichwa akakuna shingo. Laban alijua.

Mguu ulikuwa umepona, tusimwonee. Wesley aliletwa Doha na klabu ndogo iliyomlipa mshahara ashindane kwa baiskeli. Huko hakuna mlima wa kumtesa mtu. Mateso ni upepo. Ukivuma kutoka ubavuni, waendeshaji hujipanga mshazari barabarani, kila mmoja akijikinga nyuma ya mwenzake, gurudumu lake la mbele likikaribia kugusa la nyuma la aliyetangulia. Mwaka uliotangulia la Wesley liligusa. Kufumba na kufumbua alikuwa kifudifudi juu ya lami, paja limevunjika, mtulinga pia.

Pajani alitiwa chuma. Aliyemsimamia baada ya hapo ni binamu yake Cherotich, nesi aliyekaa Abu Hamour, na huyo hakuwa mtu wa kubembeleza. Akitoka zamu alikuja na viatu vyake vya kazi, akavuta kiti.

"Inua mguu."

"Dada, unauma."

"Nimekuuliza kama unauma? Inua."

Wesley akatoka kwenye magongo akaingia kwenye ngazi za jengo, kisha akapanda baiskeli tena. Akiwa peke yake alikuwa Wesley yule yule. Lakini mtu akimtangulia tu, vidole vilishika breki bila kutumwa, naye akaacha nafasi ya kupita gari. Na kwenye upepo ule, anayeacha nafasi ameshaachwa.

Hilo hakumwambia mtu. Wala waumini hawakumpa nafuu. Kwao, aliyeombewa lazima atoe ushuhuda. Akinyamaza anaonekana hana shukrani. Walikuwa wamemletea chapati hospitalini, wamemtaja kwa jina katika maombi kila Ijumaa, siku ya ibada huko, na sasa kila akipita mlangoni ni, "Ndugu Wesley, ushuhuda lini?" Basi akautoa.

Walipotoka nje Laban akamwambia, "Bana, wewe umeshukuru chakula kingali jikoni."

"Sasa nifanye nini?"

"Nifuate. Nitakuwa gurudumu lako."

Jamani, Laban na baiskeli! Alikuwa na moja kuukuu yenye kiti cha mizigo, na aliiendesha vibaya kuliko mtu yeyote Doha. Aliyumba, na akiona paka alifunga breki. Wiki ile, kila alipotoka kazini, walizunguka nyuma ya maduka ya Abu Hamour, Laban mbele, bingwa nyuma.

"Karibia."

"Nimekaribia."

"Hapo hata lori linaingia, buda. Karibia."

Haikusaidia. Alhamisi Wesley alishuka, akaitazama baiskeli yake, aliyoinunua mwenyewe kabla ya klabu kumjua. "Kesho kocha ananijaribu. Nikishindwa wananirudisha nyumbani, na hii chukua. Sitaki kuiona tena."

"Neno?"

"Neno."

Kesho yake alfajiri upepo ulitoka kushoto, na wenzake wakajipanga mshazari. Wesley aliacha nafasi ndogo, ikawa kubwa, na muda si muda alikuwa akitazama migongo yao kwa mbali. Kocha, Mmoroko mmoja mpole, akamsogezea gari. "Ingia." Wesley akakataa, akamaliza njia yote peke yake, upepo ukimsukuma kuelekea mchangani. Kocha hakumkaripia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Mguu wako mzuri," alisema. "Lakini sina kazi na mtu wa kuendesha peke yake. Khalas, Wesley, yameisha. Nafasi yako imeshapata mtu, na tiketi yako ni ya Jumanne."

Alikwenda moja kwa moja Mesaimeer na jasho lake. Watu walipoitwa kutoa shuhuda, akasimama.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Ijumaa iliyopita niliwadanganya. Mguu ndio umepona. Mimi naogopa. Nikiona gurudumu la mtu mbele yangu naogopa hadi mikono inakufa ganzi. Leo nimeachwa nyuma na kazi imeisha. Basi."

Hakuna aliyepiga makofi. Kanisa lile lilijua kumjibu aliyeshinda, lilijua kumjibu anayeomba. Huyu hakuwa yeyote kati ya hao. Mzee wa kanisa akatazama Biblia yake. Ndipo kutoka nyuma Laban akasema, "Amina," kwa ile sauti ya kusimamishia magari getini. Cherotich akaipokea, kisha wengine, na Wesley akakaa chini akilia bila kujificha.

Walirudi nyumbani kwa baiskeli, Laban mbele, akimsimulia kwa kirefu jinsi msimamizi wake alivyofungiwa ndani ya lifti. Wesley alikuwa akicheka. Paka akakatiza, Laban akafunga breki, na gurudumu la Wesley likasuguana na lake. Baiskeli ikatikisika. Akaituliza, wakaendelea.

Laban akageuka. "We! Umekuwa karibu hivyo tangu lini?"

Wesley akatazama chini. Kati ya magurudumu hata kidole kisingepita.

"Sijui," alisema.

"Mpigie kocha."

"Kocha ameshapata mtu, Laban. Tiketi yangu ni ya Jumanne."

Wakaendesha hivyo hivyo mpaka Fereej Bin Mahmoud. Mlangoni Laban akanyoosha mkono kuelekea baiskeli, nusu utani. "Haya, neno ni neno."

Wesley hakuuachia usukani. "Nirudishie neno langu, ndugu yangu. Hii naenda nayo nyumbani Eldoret."

"Nenda nayo," Laban akasema, akimfungulia mlango apite nayo. "Kwani mimi ningeiweka wapi?"