Jumapili za Mzee Rubeni

Mimi kwenye ukoo wa akina Haonga nimeolewa tu, kwa hiyo nikimsifu wifi yangu Enesi msidhani najisifia damu yangu. Tumegombana miaka thelathini. Ana mdomo, hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini, kama wasemavyo watu wa pwani, na mibuni yake anaipogoa vibaya. Lakini siku ile pale ofisi ya kata, Isansa, weee! Nilipiga vigelegele mpaka mtendaji akaniomba nikae chini.

Baba yake, Mzee Rubeni, alikuwa mzee wa kanisa. Mwaka 1964 wamisionari walimwachia chombo cha kupimia mvua. Kila siku saa tatu asubuhi alikwenda kukisoma, akaandika kwenye daftari. Alipofariki, Enesi akaishika kazi hiyo. Watu walimcheka: mwanamke mzima anahesabu mvua! Yeye akajibu kwamba asiyejua maana haambiwi maana, akaendelea. Madaftari sitini, mwaka kwa mwaka, yote kwenye mfuko wa mbolea.

Ndipo wakaja watafiti wawili. Anna ni wa matope: wanachimbua tope la chini ya ziwa, tabaka kwa tabaka, wanakwambia miaka ipi ilikuwa ya ukame kabla babu zetu hawajazaliwa. Dokta Shadrack ni wa kompyuta inayokokotoa hali ya hewa ijayo. Sasa wameunganisha kazi zao. Anna alitueleza vizuri: kompyuta kabla ya kuaminiwa kwa kesho inaulizwa kwanza ya jana, kama mwanafunzi anayepewa mtihani ambao mwalimu ana majibu yake. Majibu ndiyo hayo matope, na madaftari kama ya Enesi. Wakayachukua, wakakaa nayo miezi minne.

Siku ya mkutano tulijaa: wakulima, wazee wa kanisa, mchungaji mstari wa mbele. Dokta Shadrack akasimama, mpole, na karatasi zake.

"Mama Enesi, tunakushukuru, lakini madaftari haya hatutayatumia. Tangu 1964 Isansa mvua hainyeshi Jumapili. Sifuri, sifuri, sifuri. Halafu Jumatatu inamwagika. Mvua haijui siku za juma, mama. Aliyeandika alikuwa anabuni."

Yaani mbele ya kanisa zima, marehemu kaitwa mwongo! Enesi aliinuka.

"Baba yangu si mwongo. Fungua daftari. Unaona sifuri?"

Akafungua. Kulikuwa na kistari.

"Hizo sifuri mmezitia nyinyi. Kistari maana yake hatukupima. Jumapili baba hakufanya kazi, na kupima ni kazi. Jumatatu anakuta maji ya siku mbili. Mtoto yeyote wa Isansa angekwambia. Miezi minne, simu mnazo, hamkuuliza! Kuuliza ni ujinga?"

"Hayo ni maelezo, mama. Si ushahidi."

"Ushahidi? Haya, tafuta Ijumaa Kuu, nayo baba hakufanya kazi."

Ijumaa Kuu haina tarehe moja, kila mwaka inahama. Anna akatafuta tarehe kwenye kompyuta yake, akafungua daftari la mwaka wa kwanza: kistari, na Jumamosi yake maji mengi. Mwaka wa pili, tarehe nyingine: kistari. Akaenda hivyo miaka ishirini, huku anacheka peke yake.

"Shadrack, hii mtu hawezi kuibuni," alisema.

Hapo ndipo nilipopiga vigelegele.

Dokta si mtu mbaya, alikubali kwamba amekosea. "Basi maji ya Jumatatu tutayagawa mara mbili, nusu tuipe Jumapili."

"Thubutu! Hutaandika namba ambayo baba hakuiandika. Ni ya siku mbili, andika siku mbili."

"Kompyuta inataka kila siku, mama."

"Ifundisheni kupumzika!"

Watu wakaangua kicheko, hata mchungaji. Anna akasema inawezekana, watahesabu kwa juma zima. Tulidhani yamekwisha. Kumbe Dokta alikuwa bado anafunua kurasa.

"Ila hii moja. Jumapili, tarehe tisa Februari 2003. Milimita arobaini na moja."

Tarehe hiyo kwetu hakuna asiyeijua.

"Ni moja tu," Dokta akasema kwa upole. "Ni kosa la kalamu, tunaifuta."

Enesi angeitikia "ndiyo" tu, akakaa, mambo yangekwisha. Nilimvuta kitenge akae. Hakukaa.

"Si kosa la kalamu. Niliandika mimi. Baba alikufa usiku wa kuamkia siku hiyo. Amelazwa ndani, watu wanalia, na nje mvua inanyesha tu kama hakuna kilichotokea. Nilimkasirikia Mungu. Saa tatu nikatoka, nikapima. Jumapili."

Mzee mmoja wa kanisa akakohoa. "Enesi, mambo hayo si ya hapa."

"Ni ya hapa hapa, mzee." Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. Akamgeukia Dokta, akaweka kidole juu ya ile namba.

"Usiifute. Na Jumatatu yake ni ya siku moja tu, usije ukaigawa."