Mbegu Alizoomba Yule Mama

Kaa, mjukuu wangu. Sogeza mkeka huku, mguu wangu huu hautaki tena kukunjwa, na hiyo simu izime kwanza. Baba yako ameniambia umepata nafasi ya uaskari na Jumatatu unaondoka hapa Kibiti kwenda mafunzoni. Umekuja kuniaga na kuomba radhi. Nitakupa, lakini utanisikiliza kwanza, tena mpaka mwisho, usianze kuutazama mlango kama baba zako wadogo.

Mimi pia nilikuwa askari. Unashangaa nini? Hata baba yako nilimwambia akiwa ameshaoa. Si jambo ninalopenda kulitaja.

Siku hizo tulikuwa tunakaa Nyamwage, mimi na bibi yangu mzaa mama, Bi Somoe, aliyenilea tangu mama alipofariki. Asili yake alikuwa Mmatumbi wa kule milimani, akateremka bondeni akiwa bado msichana, baada ya Vita ya Maji Maji. Nilipokua mimi, Mjerumani alikuwa ameshaondoka, aliyetutawala ni Mwingereza. Basi likaja gari la kuandikisha vijana jeshini, na mimi sikungoja kubembelezwa. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimechoka kukaa juu ya dungu shambani kulinda mpunga usiliwe na nguruwe, na yule koplo aliyekuja kutuandikisha alikuwa na buti zinazong'aa. Buti zile ndizo zilizonitia wazimu. Bibi alikuwa shambani siku ile, nikaondoka bila kumuaga. Wewe angalau umekuja.

Wakatupeleka Kenya. Hatukuelezwa kuna nini huko, tuliambiwa tu kwamba wahalifu wamejificha msituni wanachinja watu. Na kweli watu walikuwa wanachinjwa, sitakudanganya, wa huku na wa huku. Lakini habari kamili niliipata kidogo kidogo kwa mzee mmoja Mkikuyu aliyekuwa akitupasulia kuni kambini. Alinieleza jinsi ardhi yao ilivyochukuliwa, wao wakageuzwa vibarua palepale walipozaliwa, wanaume wakavishwa vipande shingoni, vile vyeti vya kazi. Wakaandika barua, wakatuma watu mpaka Ulaya, hawakujibiwa la maana. Wakaunda chama, kikapigwa marufuku. Vijana wakachoka na barua, wakaanza kula kiapo kwa siri. Akauawa chifu mmoja aliyekuwa upande wa serikali, Mwingereza akatangaza hali ya hatari na kuwakamata viongozi, na wale waliokula kiapo wakaingia msituni na silaha.

"Yalipofika hapo," akaniambia, "ndipo mkaitwa nyinyi."

Mimi nilimpenda yule mzee kwa sababu hadithi zake zilinipunguzia uchovu. Maana yake sikuitafuta. Kichwa cha miaka kumi na minane, unakijua, na wewe unacho cha karibu umri huo.

Asubuhi moja tukapelekwa kwenye kijiji kilichokuwa juu ya kilima. Amri ilikuwa ghala zote zichomwe, kwa kuwa wapiganaji walishuka kuja kula pale, halafu wanakijiji wahamishiwe kwenye kambi iliyozungushiwa handaki. Tukagawana nyumba. Mimi nikaangukia nyumba ya mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni. Hakulia wala hakunitukana. Alinishika mkono wa shati, akaniambia kwa Kiswahili cha shida:

"Askari, chakula choma. Mimi natoa mbegu tu. Kikapu moja."

Mwanangu, mimi ni mtoto wa wakulima. Umeona mwenyewe tunavyotundika mbegu ya mpunga juu ya meko ipate moshi, wadudu wasiiguse, na hata njaa iwe kali namna gani, mkono hauendi pale. Sikuhitaji kuelezwa yule mama anaomba nini. Koplo wetu alikuwa nyumba ya nne kutoka pale, amenipa mgongo. Ningetazama pembeni kidogo tu, angeingia na kutoka, na dunia nzima isingejua.

Nikamwambia, "Amri ni amri." Nikatia moto.

Alisimama akaangalia mpaka paa likaanguka. Mimi nikaenda nyumba inayofuata.

Baada ya miaka miwili nikapata likizo. Nikavuka mto Rufiji pale Ndundu kwa pantoni nikiwa nimevaa kaki yangu kamili, ili watu wanione. Pale Nyamwage wazee wawili wa Kimatumbi waliponiona wakaingia ndani wakafunga mlango. Nikadhani ni heshima, mjinga mimi. Kwa watu wa milimani kaki ya askari ilikuwa na habari yake tangu kwa Mjerumani, na mtu mwenye akili zake asingeingia nayo nyumbani kwa Mmatumbi mwenye umri ule. Mimi niliingia nayo hadi ukumbini.

Bibi aliitikia shikamoo yangu, akanipikia wali na kambare, akakaa ananitazama nikila. Akaniuliza huko nilikokuwa watu wanagombania nini. Nikaanza kumsimulia yale niliyoyapata kwa mzee wa kuni, lakini kila nikifika mahali namkuta yeye ameshafika. Nikisema watu walilazimishwa kazi, anasema, "Sisi ilikuwa pamba. Shamba la akida, yule msimamizi wa Mjerumani, na kiboko." Nikisema walilalamika, anasema, "Tulilalamika mpaka tukachoka. Tukaing'oa." Nikisema wakala kiapo, anasema, "Sisi tukapewa maji. Tuliambiwa risasi zitageuka maji." Nikasema na serikali ikaanza kuchoma vijiji. Hapo akaitazama kaki yangu.

Mimi ndiyo kwanza nikanogewa. Nikaeleza tulivyochoma, nikafika kwa yule mama na mbegu zake, tena nikaifanya kichekesho, namwigiza kile Kiswahili chake. Kikapu moja, kikapu moja. Ndivyo tulivyokuwa tukichekeana kambini.

Bibi hakucheka.

"Zilikuwa mbegu za nini?"

"Mahindi na maharage, nadhani."

"Ukazichoma."

"Ilikuwa amri, bibi."

Akaniondolea sahani na mimi sijashiba. Akakaa tena, akanieleza jambo ambalo miaka yote aliyonilea hakuwahi kulisema.

"Ghala letu halikuchomwa na Mjerumani," akasema. "Mjerumani alikaa kivulini kwenye kiti chake. Waliokuja na moto walikuwa watu weusi, wamevaa kaki kama hiyo, na mmoja alizungumza Kiswahili kama sisi. Mama yangu akamshika mkono, akamwomba atoe mbegu za mtama tu. Yule askari akatazama huku na huku. Akasema anakwenda haja, akazunguka nyuma ya nyumba, akakaa huko. Mama akaingia, akatoka na kikapu. Yule mtu aliporudi hakutuangalia, akatia moto kama alivyoagizwa."

Akavuta kanga yake mabegani, akaendelea.

"Baada ya hapo njaa ikatuua kuliko risasi. Watu walikula mizizi, wakala ngozi. Baba zangu wadogo walikwisha na watoto wao wote. Sisi tulikipanda kile kikapu. Nikaishi mimi, nikamzaa mama yako, na mama yako akakuzaa wewe. Umekaa hapo na kaki yako kwa sababu askari mmoja alikwenda haja."

Mwanangu, mimi ni mzee wa miaka tisini sasa, nimezika mke na watoto wawili, lakini sijapata tena uchungu wa namna ile. Nilianguka miguuni kwake, nikalia kama mtoto, nikamwomba radhi. Akaniinua.

"Mimi hukunikosea. Radhi yangu unayo, na haitakufaa kitu. Mwenye radhi unayoitaka ni yule mama. Anaitwa nani?"

Sikujua. Sikuwa nimemuuliza.

Niliporudi jeshini nikakataa kutoka na kikosi, nikafungwa wiki mbili, kisha wakanitupa jikoni kumenya viazi mpaka mkataba wangu ukaisha. Nilipofika Nyamwage, Bi Somoe alikuwa ameshazikwa. Uhuru wetu ukaja bila bunduki, wa Kenya ukaja juu ya makaburi mengi. Miaka ikapita, nikasafiri kwenda huko. Nikakipata kile kilima, au naamini ni chenyewe, kimeota chai kila upande. Nikamkuta kijana anapalilia, umri wake sawasawa na wa yule mtoto wa mgongoni, kama alikuwa angali hai. Nikamwambia namtafuta mama mmoja aliyekaa hapa wakati wa vita. Akaniuliza jina. Nikasema silijui. Akaniuliza, namtafutia nini. Na mimi, mtu mzima niliyetoka kote huko Rufiji kwa ajili ya hilo, nikaogopa kumuuliza kama mama yake yu hai. Nikamshukuru, nikateremka.

Tangu hapo kila masika nampa mbegu mtu asiye nazo. Shekhe aliniambia bila kunificha: endelea, ni wema, lakini uliyomkosea Mola, Mola husamehe, na haki ya mja mwenzio inabaki kwake mwenyewe mpaka akuachie yeye. Kwa hiyo nangoja kukutana naye huko tuendako. Watu hunisifu, mzee ametulia, yuko tayari kwa safari. Siko tayari, mwanangu. Naogopa.

Sasa wewe. Uaskari sikukatazi, nchi inahitaji walinzi na wewe unahitaji kazi. Ila watu wakinung'unika mahali ulipopangiwa, usiwe mwepesi kuwaita wahalifu. Uliza walianza lini kulalamika, na nani aliwajibu. Ile vita ya milimani na ile ya Kenya zote zilikuwa kwanza malalamiko ya watu waliopuuzwa, kabla hazijawa damu. Na siku utakayoambiwa choma, vunja, watoe hawa, mtazame aliyesimama mbele yako kabla hujamtazama mkubwa wako. Muulize jina. Ikiwa amri ni ya dhuluma, ikatae. Ukishindwa kuikataa, basi kwenda haja usishindwe. Watakucheka, watakufunga wiki mbili, utatoka. Mimi kwenye hili langu sijatoka mpaka leo.

Haya, inamisha kichwa nikushike. Mungu akufikishe salama na akurudishe salama. Akupe mkubwa mwenye huruma, na asipokupa, akutie wewe huruma hiyo. Akuepushe na njaa ya mtu, na machozi ya mtu, na mkono wa mtu utakaokushika shati, wewe ukaukung'uta ukaenda zako. Radhi yangu nakupa yote leo, ungali hujamdhuru kiumbe. Ukishamdhuru, usije kuniomba mimi, maana sitakuwa nayo.