Jina la Duka Nililompa Masanja

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa nyumbani kabla ya saa nne. Mkuu wa Mapokezi wa kiwanda cha maziwa, hapa Shinyanga, alinikuta na bangili mkononi. Nilipozivua na kurudi, alinikabidhi laktomita, kile kijiti cha kioo kinachoelea kwenye maziwa na kumuumbua mfugaji aliyeongeza maji. "Hapa tunaamini kipimo," alisema. Nilimwona ana roho mbaya.

Baadaye nilihamishiwa chumba cha kugandisha, chini ya Msimamizi wa Mtindi, mama mmoja mpole. Maziwa huchemshwa, hupozwa hadi yawe vuguvugu, kisha hutiwa kichachushio, yaani mtindi kidogo wa jana. Yakiwa bado ya moto, kichachushio hufa. Kipimajoto kilipovunjika na kingine kisiletwe, Msimamizi alitufundisha kuchovya kidole cha mwisho kilichooshwa vizuri: ukihesabu hadi kumi bila kukitoa, maziwa yako tayari. Hakuna aliyenishinda kwa hilo, nami nikavimba kichwa.

Kiwanda kilipofungwa nilifungua duka langu la mtindi Ibadakuli, na wateja walinifuata kutoka mjini. Ndipo mdogo wangu Masanja, aliyeacha kuchimba dhahabu Mwakitolyo baada ya kifua kuchoka, akaniomba afungue duka kulekule machimboni kwa jina langu na kwa utaratibu wangu. Nikaenda kwa mshauri wa biashara.

"Mama, ukimpa mtu jina lako, mwanasheria aandike mkataba," aliniambia. "Na mtaalamu wa maziwa aandike mwongozo, kisha aende akakague."

"Huyo ni mdogo wangu. Tumenyonya titi moja. Nimpelekee mkaguzi?"

"Ni mdogo wako, ndiyo maana nasema hivyo."

Nilimcheka. Kwetu kumsainisha ndugu ni kumwambia humwamini, nami sikutaka kusemwa na ukoo. Tena nilikuwa na kiburi: nani angeijua kazi yangu kunishinda? Nikamfundisha Masanja mwenyewe, siku tatu, jikoni kwangu. Alipochovya kidole, mimi nilichovya changu pembeni, nikamwambia, "Sasa." Sikugundua kwamba tulikuwa tunapima kwa kidole changu.

"Wabeja sana, dada," alinishukuru akiondoka, kibao cha duka kikiwa kwapani.

Wiki haikuisha mkewe, Mama Doto, akanipigia simu. Wateja wanatapika, Masanja amelazwa. Maziwa yalikuwa yamegoma kuganda. Masanja akaona haya kuniambia, akayaacha hadi siku ya pili yakawa mazito yenyewe, akanywa kikombe kizima, akauza.

Nilimkuta wodini, midomo imekauka.

"Ulipima?" nikamuuliza.

"Nilipima, dada. Nilihesabu hadi kumi."

"Hayakukuunguza?"

Alinitazama kwa mshangao. "Kidole hiki? Miaka yote ile ya kugonga moko kwa nyundo, kupasua mwamba? Kiliacha kusikia moto zamani."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Nilidhani kazi ni kuhesabu."

Wateja wote walipona. Masanja, ambaye nguvu zake zilikwishia shimoni, hakupona. Tulimzika, nami nikayafunga maduka yote mawili.

Sasa nimestaafu. Vijana wa Geita na Bulyanhulu wanaotaka kuwapa wengine majina ya biashara zao huniuliza: watafute wataalamu au wajifanyie wenyewe? Nawaambia mengi utayaweza mwenyewe, kuchagua mtaa, kupaka rangi, hata kufundisha. Lakini kazi uliyoizoea huioni tena. Mtafute mgeni anayeijua, aulize yale ambayo wewe huoni haja ya kuuliza. Mkono wa Masanja niliushika tangu utotoni, sikuuliza kitu.

Mama Doto bado huja kunisalimia. "Shikamoo, wifi." "Marahaba." Huniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, hunipa habari za watoto. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Juzi nilishindwa kuvumilia.

"Mama Doto, sema tu. Sema nilimponza mumeo."

Aliendelea kupanga michembe kwenye ungo, kipande baada ya kipande, macho yakiwa chini.

"Nikikulaumu, wifi," alisema, "nitakuwa nakuja kwa nani?"